Nilikwenda Meru Kujipima

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu mmoja ambaye simjui. Ameanguka mara moja au mbili, ameamka akakuta watu wamesimama mbali wanamtazama, na tangu siku hiyo anaogopa hata kuoga akiwa peke yake nyumbani. Kazini hajamwambia mtu. Anatafuta sababu nyingine: uchovu, malaria, njaa, kukosa usingizi. Mimi nilizitafuta zote hizo, kwa hiyo ninamfahamu kuliko anavyodhani.

Naitwa Shabani. Mtaani kwetu, Daraja Mbili, watu huniita Baba Nasra. Wazazi wangu ni watu wa Kondoa, lakini mimi nimezaliwa na kukulia Arusha. Nilikuwa dereva kwa miaka kumi na mmoja, na sita ya mwisho niliendesha basi la shule moja hapa mjini. Asubuhi nawakusanya watoto, alasiri nawarudisha makwao. Binti yetu Nasra alisoma shule hiyo hiyo, akipanda basi langu. Watoto wote waliniita Anko, na yeye akiwa ndani ya basi aliniita Anko vilevile, ili asionekane anajidai.

Nilianguka mara ya kwanza wakati wa masika, Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimechuchumaa karibu na jiko la mkaa nikisubiri chai ichemke. Nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Nikageuka kumwambia mke wangu, Mwajuma, aangalie kama kuna kitu kimeangukia jikoni. Sijui kama nilisema.

Nilipofumbua macho, kichwa changu kilikuwa mapajani pa Mwajuma. Mlangoni walikuwepo majirani, wengine na kanga mdomoni. Mmoja alikuwa anamwambia, "Mama Nasra, usiguse hilo povu, litakuambukiza." Mwingine alikuwa ameshika kiatu, anataka kuninusisha. Mwajuma alikuwa ananifuta mdomo kwa upande wa gauni lake, hawajibu. Ulimi ulikuwa umevimba, nikashindwa kumuuliza kuna nini. Mkono wa kulia, kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko, ulikuwa umeungua kwa makaa. Na nilikuwa nimejikojolea, mtu mzima wa miaka thelathini na minane, mbele ya watu ambao jana yake tu nilikuwa nikibishana nao habari za mpira.

Mama yangu alikuja mchana. Aliketi kitandani, akaushika mguu wangu, akalia kidogo. Halafu akasema, "Hiki si kitu cha hospitali, mwanangu. Twende Kondoa ukasomewe."

Mwajuma akamjibu kwa adabu, "Mama, kusomewa atasomewa. Lakini mkono umeungua, lazima hospitali tufike."

Kuanzia siku hiyo wanawake hao wawili, waliokuwa wanapikiana na kucheka, wakawa wanazungumza kwa kupitia kwangu.

Kazini nilisema nimeungua kwa maji ya moto. Wiki mbili baadaye nikaanguka tena, bafuni, nikavunjika jino la mbele. Hapo hata mimi sikuwa tena na la kusema.

Hospitalini, kliniki ya kifafa na ya magonjwa ya akili zilikuwa siku moja, kwenye korido moja. Kama bado hujafika mahali kama hapo, nikwambie ukweli: kinachotisha si wagonjwa. Alikuwepo mzee mmoja anayezungumza na ukuta, na hakuna aliyemjali. Kinachotisha ni mlango wa kuingilia. Kila ulipofunguka nilivuta kofia usoni, nikiogopa ataingia mzazi wa mtoto ninayempakia. Kwenye benchi la mbele yetu alikaa mama na binti yake mkubwa, shavu lote la binti lina kovu la moto. Nikautazama mkono wangu uliofungwa bandeji, nikautia mfukoni.

Tulikaa hapo saa nne nzima. Jina langu lilipoitwa, Mwajuma alisimama ili tuingie pamoja. Nikamwambia, "Kaa tu, sichelewi."

Daktari alikuwa dada kijana mwenye macho ya kuchoka. Aliuliza mengi, akaandika, mpaka alipouliza kazi yangu. Nikasema dereva. Akaweka kalamu mezani.

"Gari hutaendesha," alisema. "Si wiki hii, si mwezi huu. Mpaka ukae muda mrefu bila kuanguka, na hata hapo tutazungumza kwanza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, daktari."

Nilipotoka, Mwajuma akauliza amesemaje. Nikamwonyesha vidonge. Akauliza, "Na kazi, je?"

"Hajasema kitu," nikamjibu.

Nimewahi kudanganya katika maisha, kama watu wote. Lakini uongo ule ulikaa ndani yangu kama mwiba wa samaki kooni. Kila asubuhi nilipogeuza ufunguo wa basi niliusikia unachoma.

Vidonge vilinibadilisha mwili. Miguu ikawa mizito kama ninatembea kwenye tope. Maneno yakawa yananikimbia. Siku moja nilisimama dukani nikielekeza kidole kwenye sukari kwa sababu jina lake halikuja. Uso ukavimba kidogo. Na usingizi, usingizi wa mchana, wa kwenye kiti, wa kwenye usukani. Nikaogopa nitawaua watoto kwa kusinzia. Kwa hiyo nikaanza kumeza nusu. Sikumwambia daktari, sikumwambia mke wangu. Niliona nimepata ufumbuzi.

Mwishoni mwa Mei tulisimama kwenye taa za barabarani mjini, basi limejaa. Nakumbuka taa ikiwa nyekundu. Kitu kingine ninachokumbuka ni sauti ya Neema, matroni wa basi, ikija kutoka mbali.

"Baba Nasra. Baba Nasra, taa imeruhusu zamani. Watu wanapiga honi."

Nikaingiza gia, nikaondoka. Nikasema nilikuwa na mawazo. Neema alinitazama kwenye kioo cha ndani, hakuniondolea macho mpaka tulipofika shuleni. Nilijua kwamba kwa muda fulani, sekunde ngapi sijui, basi lile halikuwa na dereva.

Shule zikafungwa Juni. Mungu alinipa likizo, nami nikaitumia vibaya.

Nilifikiri hivi, na nakuomba usicheke, kwa sababu huenda na wewe unafikiri hivyo sasa: ugonjwa huu umetokana na uchovu, na vidonge ndivyo vinavyonidhoofisha. Nikiacha vidonge siku tatu, nikaendesha gari peke yangu, nikapanda mlima peke yangu, nikarudi salama, basi mimi ni mzima. Shule ikifunguliwa nitarudi kwenye usukani na moyo mweupe. Mlima Meru nilikuwa nauona kila siku ya maisha yangu, asubuhi nikienda kazini, jioni nikirudi, wala sikuwahi kuukanyaga. Niliona ndio unanifaa. Ukinishinda huo, nitakubali.

Siku ya tatu nilimwomba shemeji yangu Idi, kaka yake Mwajuma, gari lake dogo. Nikamwambia Mwajuma ninalipeleka Ngarenaro kwa fundi, breki zinalia. Nilivaa makobazi, suruali ya kitambaa, shati na koti jepesi. Nilichukua chupa moja ya maji na chapati mbili nilizofunga kwenye gazeti. Mtu aendaye kwa fundi habebi zaidi ya hapo.

Nilishika barabara ya kwenda Namanga. Ilikuwa asubuhi ya baridi, ile ya Juni ambayo Arusha yote inavaa masweta na mlima hauonekani kabisa. Niliendesha vizuri. Naona aibu kusema jinsi nilivyofurahi. Kila gari kubwa nililolipita niliona ni ushahidi kwamba sina ugonjwa. Nikapita Ngaramtoni, nikafika Olmotonyi, nikakata kulia kuelekea mlimani, nikapita karibu na chuo cha misitu, nikaenda mpaka barabara ilipoanza kuharibika. Nikaegesha mbele ya kibanda cha duka.

Mwenye duka, dada mmoja aliyejifunika shuka, aliniuliza ninamfuata nani huko juu. Nikasema ninanyoosha miguu.

"Na hayo makobazi?" akasema. "Huko kuna utelezi, kaka. Na usiende peke yako, kuna nyati."

"Sifiki mbali," nikamjibu.

Sikujua kwamba msitu ule una taratibu zake na vibali vyake. Nilipita tu, kama mtu anayepita uani kwa jirani.

Mwanzoni kulikuwa na miti ya paini iliyopandwa kwa mistari, ardhi ina sindano zake, laini, haina kelele. Nilipanda kwa haraka. Jasho likatoka, kichwa kikawa chepesi, maneno yote yakarudi. Nilijisemea kwa sauti, sukari, usukani, sindano, kwa furaha tu. Njia ikaendelea, paini zikaisha, nikaingia msitu wenyewe. Hapo giza likawa la kijani, magome yamevaa majani kama manyoya, ukungu unapita kati ya miti kama mtu anayetafuta kitu. Nikateleza mara mbili. Njia ikawa nyembamba, upande wa kushoto kuna korongo, maji yanasikika chini lakini hayaonekani. Nikakuta kinyesi cha nyati, bado kinafuka mvuke.

Hapo mtu mwenye akili angegeuka. Mimi nilihesabu: nimetembea saa mbili na nusu, sijaanguka. Nikala chapati moja nimesimama. Nikaona nipande kidogo tena, mpaka pale penye mwanga.

Kisha nikasikia harufu ya mpira unaoungua.

Nakumbuka nilitazama huku na huku kutafuta moto, huku najua hakuna moto. Nikakumbatia mti. Nilitaka kusema shahada, nikafika katikati.

Nilipoamka sikujua mimi ni nani. Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye hajapitia. Niliona majani, nikaona mkono wenye kovu la moto, nikashangaa mkono ule ni wa nani. Baridi ilinijulisha kwanza kwamba nina mwili. Halafu maumivu ya bega. Halafu ladha ya damu. Jina langu lilikuja baadaye, taratibu, kama mtu anayekuja na mkongojo, na nyuma yake likaja jambo zima: niko mlimani, nimeanguka, na hakuna mtu duniani anayejua nilipo.

Suruali ilikuwa imelowa. Kobazi la kushoto halikuwepo. Nikageuza kichwa nilitafute, ndipo nikaona korongo. Lilikuwa hatua mbili kutoka kichwani kwangu, labda hazitimii mbili. Udongo ulikuwa umechimbika kwa visigino vyangu, mistari inaelekea ukingoni.

Sikupiga kelele. Nilirudi nyuma kwa tumbo, kama mtoto, mpaka mgongo ukagusa mti. Nikakaa hapo. Simu haikuwa na mtandao. Ilionyesha saa nane mchana. Nilikuwa nimelala hapo zaidi ya saa nzima, na ukungu ulikuwa umefunga kila kitu.

Niliwahi kuogopa kabla ya hapo, lakini siku zote niliogopa kitu kilicho nje yangu: mbwa, lori, ajali, polisi. Pale niliuogopa mwili wangu. Nyati angekuja ningemsikia. Hiki kilikuwa ndani, kimeshanitupa mara moja, na kingeweza kunitupa tena bila kuniomba ruhusa, na kama kingenitupa kushoto nisingeamka. Niliogopa kusimama. Niliogopa kukaa. Nilivuta pumzi kwa pua, ndogondogo, nikichunguza kama harufu ile inarudi. Kila ilipopita harufu ya majani yaliyooza nilikaza mgongo kwenye mti.

Nikakumbuka basi. Siku zote nilikuwa nimekataa kulifikiria. Pale sikuwa na pa kukimbilia. Niliona mistari ile ya visigino kwenye udongo, nikaiona kwenye lami. Watoto ishirini na wanane. Nikawa nawataja mmoja mmoja kwa vituo vyao, kama ninavyowapakia asubuhi, na kila nilipofika katikati nilishindwa kuendelea.

Nilishuka kwa kukaa. Mtu mzima, makalio chini, nikijisukuma kwa mikono, upande wa mbali na korongo, mguu mmoja una kobazi na mwingine umechanika. Palipokuwa tambarare nilitembea nimeshika miti. Majani yanayowasha yaliniunguza vidole, nikashukuru kwamba ninaunguzwa, maana yake niko macho. Sijui ilichukua muda gani. Nilipoona mti wa kwanza wa paini nililia.

Ndipo nikasikia sauti za wanawake. Walikuwa watatu, wana mapanga, wanafunga kuni kavu. Walizungumza Kimaasai. Waliponiona walinyamaza.

"Shikamoo mama," nilimwambia aliyekuwa mbele, maana sikujua la kusema.

"Marahaba," akaitikia, kwa mazoea tu. Kisha akaona mdomo wangu. "Nani kakupiga?"

"Nimeanguka."

Akatazama suruali yangu, akatazama macho yangu. Wale wenzake wawili wakasema neno kwa lugha yao, wakarudi nyuma. Nililijua neno lile bila kulijua. Nimekwisha kuona sana watu wakirudi nyuma.

Na papo hapo harufu ikaja.

Tangu nianze kuugua sikuwahi kumwambia mtu. Kila mara nilijaribu kushindana nayo kimyakimya. Sijui ni nini kilinisukuma siku ile, labda ni kwamba sikuwa na nguvu ya kuficha. Nikamwambia mama yule nisiyemjua, "Inakuja."

Akasema, "Lala basi." Kama mtu anayemwambia mgeni karibu kiti.

Nilipoamka safari hii nilikuwa nimelazwa ubavu. Chini ya kichwa kulikuwa na shuka lililokunjwa. Mama yule alikuwa ameketi kando yangu, anachonga kijiti kwa panga, hana haraka.

"Usiamke kwanza," akasema. "Unaitwa nani?"

Nikafikiri. "Shabani."

"Vizuri. Dawa zako ziko wapi, Shabani?"

"Nimeziacha. Leo siku ya tatu."

Akaacha kuchonga. Sura yake ilibadilika, nikaona ni hasira, hasira ya kweli, ya mtu wa nyumbani. Akaniambia wanamwita Mama Naserian, na Naserian ni binti yake, alianza kuanguka akiwa darasa la tano. Dawa zilimkalisha vizuri miaka mingi, akaolewa. "Mwaka juzi akaambiwa ameombewa, amepona, aache dawa. Akaacha. Tulimtoa mtaroni. Sasa ana jicho moja." Aliyasema bila kupunguza wala kuongeza. "Jicho moja na dawa anameza. Wewe unataka utolewe wapi?"

Nikajaribu kuketi.

Walinishika, yeye upande mmoja na mmoja wa wale waliorudi nyuma upande mwingine, tukashuka. Kuni zao wakaziacha. Njiani akaniuliza ninafanya kazi gani.

"Dereva. Basi la shule."

Alisimama, nasi tukasimama. "La watoto?"

"Ndiyo, mama."

Hakunitukana. Aliendelea kunishika mkono mpaka tulipofika kwenye gari la Idi, mbele ya lile duka. Hapo akanyoosha mkono. "Lete funguo."

Nikampa. Akazifunga kwenye pindo la nguo yake, mafundo mawili. "Sasa mpigie mkeo. Na mimi nitaongea naye."

Mwajuma alifika na Idi, kila mmoja nyuma ya bodaboda yake. Alinikuta nimekaa kwenye kreti ya soda, nimefunikwa shuka la mwenye duka, nanywa chai ya moto kwa upande mmoja wa mdomo. Alinipapasa kichwa, bega, miguu, kama anakagua mtoto. Alimshukuru Mama Naserian mpaka sauti ikakatika. Funguo zikapewa Idi, si mimi.

Tulipokuwa tunateremka, mimi na Mwajuma kiti cha nyuma, nilisema. Nilijua nikifika nyumbani nitapata njia ya kunyamaza. Nikasema, "Daktari alinikataza kuendesha. Siku ile ile ya kwanza."

Idi akapunguza mwendo. Mwajuma hakugeuka. Tulifika Ngaramtoni akiwa bado anatazama mbele. Hapo akasema, "Idi, simama." Akashuka, akasimama kando ya barabara karibu na wauza vitunguu, ametupa mgongo. Alikaa hivyo muda mrefu. Aliporudi, alifunga mlango polepole.

"Nasra alikuwa anakaa kiti gani?" akaniuliza.

"Nyuma yangu."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Hakuniuliza kitu kingine siku ile, wala siku nyingi zilizofuata.

Jumatatu nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Ni mama wa Kichaga, mkali, watoto humwogopa kuliko mtihani. Nilimweleza yote, pamoja na ile taa. Alisimama, akafungua dirisha, akavuta hewa.

"Tangu Mei," akasema.

"Tangu Mei, mwalimu."

"Sijui nikushukuru kwa kuniambia au nikufukuze kwa kuchelewa. Nitafanya yote mawili." Na akafanya hivyo. Barua niliipokea wiki ile. Sikuwa na kinyongo. Neema alikuja nyumbani baadaye kumsalimia Mwajuma. Alikuwa anajua kitambo kwamba kuna jambo, akasema, na aliogopa kusema. Tulikuwa wengi tuliokuwa tunaogopa kusema.

Julai yote Mwajuma hakunizungumzisha zaidi ya chakula na dawa. Lakini nilipoingia bafuni hakuniruhusu kufunga mlango, alikaa nje kwenye kigoda akichambua mchele mpaka nitoke. Nilikuwa nasikia mchele ukipepetwa, nikajua bado yupo. Nasra aliniuliza, "Baba, ukianguka unaumia?" Nikamwambia sijui, huwa sipo. Akafikiri, akasema, "Basi mimi nitakuwepo." Alikuwa na miaka minane. Nilitoka uani nikakaa peke yangu.

Agosti nilimtimizia mama, tukaenda Kondoa. Shehe alinisomea. Alipomaliza akauliza kama ninameza dawa za hospitali. Mama akatangulia kusema kwamba tumezipunguza kidogo, ndivyo alivyokuwa anataka iwe. Shehe akamwambia, "Bibi, kisomo hakigombani na kidonge. Ameze." Kuanzia hapo mama ndiye anayenipigia simu kila jioni kuuliza kama nimemeza.

Na kliniki tukaingia wote wawili, mimi na Mwajuma. Nilimwambia daktari habari ya nusu kidonge. Alinikazia macho. "Ungeniambia zinakulaza, ningebadilisha. Ndiyo kazi yangu." Akabadilisha. Hizi mpya hazinilazi sana. Kama zako zinakushinda, rudi ukaseme. Usijipimie mwenyewe, na usipime kwa mlima.

Sasa ninafanya kazi Ngarenaro, kwenye karakana ya kushona viti vya magari. Mara ya mwisho kuanguka ilikuwa mvua za vuli, na kuanzia wakati huo masika mbili zimepita. Sisemi nimepona. Bado ninavuta pumzi kwa pua ndogondogo nikisikia tairi linachomwa mahali. Bado sijamwomba daktari ruhusa ya kuendesha, na nikikuta basi la shule barabarani ninageuza uso.

Siku niliyoanza kazi pale niliwaambia wenzangu wote watatu, kabla hata sijavua koti. Niliwaambia jina la ugonjwa, nikawaambia mnilaze ubavu, msinitie kitu mdomoni, msinishikilie, mngoje. Walisikiliza wakanitazama. Mmoja akauliza kama mashine yangu ya kushonea waizime au waiache. Nikasema izimeni.

Miezi michache baadaye harufu ikaja, saa nne asubuhi. Nikasema, "Jamani, inakuja," nikalala chini mwenyewe.

Nilipofumbua macho, nilikuwa nimelazwa ubavu juu ya sponji la kiti. Hakukuwa na mtu mlangoni. Mashine yangu imezimwa, wawili wanaendelea kushona, na wa tatu amechuchumaa karibu yangu anakata uzi.

"Dakika tatu," akaniambia. "Pumzika kwanza. Chai yako tumeifunika."